Mwenye Kiasi Hungoja Mara ya Pili

Neno "kiasi" silipendi, na sioni haya kusema hivyo. Watu wa Kasongo walilitamka kutwa, na mimi nililisikia tangu siku nilipoingizwa katika nyumba ile kubwa yenye ukuta wa udongo, nikiwa bado meno ya utoto yananing'oka. Mwenye kiasi, walisema, hacheki mpaka magego yaonekane. Haketi katikati ya mkeka. Hasemi "nataka". Akipewa kidogo hushukuru, akipewa kingi hukataa kwanza. Ukimsikia mtu wa Kasongo akisema fulani ana kiasi, ujue amemsifu kuliko anavyomsifu mwenye mali. Basi nitaeleza nilivyopewa neno hilo, na nilivyomrudishia aliyenipa.

Kwetu ni upande wa Kabambare. Watu wa bunduki walipopita kijijini kwetu kutafuta pembe walichukua na watoto, nami nikawa mmojawapo. Safari yenyewe sitaisimulia. Aliyeipita njia ile anaijua, na ambaye hakuipita sidhani kama ataelewa. Nilifika Kasongo nikapelekwa kwa Bibi, mke mkubwa wa mfanyabiashara wa pembe za tembo. Bibi alizaliwa pwani, lakini alikuwa amekaa Kabambare miaka mingi kabla mumewe hajajenga Kasongo, na mila za kwetu alizijua kuliko sisi watoto tuliochukuliwa kabla hatujafundishwa. Hilo nalitaja mapema, maana shauri langu lote na yule mwanamke liko hapo.

Kazi yangu ilikuwa kunawisha wageni. Nilishika birika mkono mmoja na tasa mkono wa pili, nikazunguka mkekani, nikamimina maji polepole juu ya vidole vyenye pete. Bibi alinifundisha kiasi kwa maneno, na nisipoelewa, kwa kunifinya nyuma ya mkono, pale penye nyama laini, huku uso wake ukiendelea kutabasamu kwa wageni. Nikicheka: "Uwe na kiasi." Nikijipaka mawese kidogo yang'ae miguuni: "Uwe na kiasi, wewe kijakazi." Nikiomba ukoko wa wali: kidole na kidole, finyo. Pembe za mumewe, kwa upande mwingine, zilijaa ghalani mpaka mlango ukawa haufungiki, na wengine walilala na kaniki moja msimu mzima wakati yeye ana kasha zima la nguo. Huko ghalani na kwenye kasha neno kiasi sikulisikia likitajwa hata siku moja.

Lakini lazima niseme kweli: kiasi chenyewe kilikuwa na uzuri wake, na kilinivutia. Mgeni wa kike akija, hata awe ametoka Nyangwe na tumbo limeshikana na mgongo, sinia likiwekwa husema, "Wallahi nimeshiba, bibi yangu, nimekula sasa hivi." Mara ya kwanza nilipoona hivyo niliinama niondoe sinia, na Bibi akanifinya nusura nilie. Walipoondoka aliniketisha akanifundisha bila hasira.

"Mgeni akisema ameshiba, usiondoe kitu," alisema. "Huyo anajiheshimu. Mwambie tena. Akikataa, mvute mkono, umwapie. Mwenye kiasi hali mara ya kwanza, na mwenye nyumba mwenye kiasi haachi kumwambia mara ya pili. Asiyerudia amemfukuza mgeni."

Nikawa natazama. Ilikuwa kama ngoma ya watu wawili: huyu anarudi nyuma, yule anamfuata. Mwisho wake sinia linang'aa, halina hata punje. Nilikuwa mtoto, nikaona ni mchezo mzuri, nikatamani siku moja na mimi niwe wa kuvutwa mkono.

Siku nyingine Bibi aliwachekesha wageni wake kwa habari za kwetu. Alikuwa hodari wa kuiga watu. Alipiga magoti mkekani, akapiga makofi polepole, akainamisha kichwa. "Washenzi wa Kabambare nao wana kiasi chao," alisema. "Ukimpa jambo kubwa hivi, hupiga makofi akasema, 'Hapana mama, mikono yangu iko midogo.' Ukidhani amekataa, umepotea! Mwambie mara ya pili, utaona anavyonyosha mikono yote miwili." Wanawake wakacheka wakapigana mapaja. Mimi nilikuwa nimesimama na birika langu hatua chache kutoka kwake, na kila neno niliweka moyoni, kwa sababu nilifurahi kusikia kwetu kukitajwa.

Ndipo mama yangu akaja.

Wapagazi wanaopita njia ya Kabambare walikuwa wamemwambia niko nyumba gani. Alitembea mwenyewe, na mzigo wa vitambaa vya nyuzi za miwale kichwani, vile alivyofuma mjomba wangu, na majogoo wawili wamefungwa miguu. Alifika siku ya Maulidi, ua umejaa wake wa wakubwa, udi unafuka. Nilimjua kwa mwendo kabla sijamwona uso. Alikuwa amekonda. Alipiga magoti pale mlangoni, kwenye vumbi, hakukanyaga mkeka, akaweka vitambaa na majogoo mbele yake. Mimi nilikuwa katikati ya wageni, birika limejaa, na sikuweza kusema neno, kwa maana kijakazi hasemi mbele ya wageni.

"Mama," alimwambia Bibi kwa Kiswahili chake cha njiani, "miye ni mama ya huyu mutoto. Sina mwingine. Nimekuja kukuomba."

Wanawake wote wakamgeukia Bibi, na Bibi akaona kwamba anatazamwa. Siku kama ile, mbele ya macho kama yale, mtu hawezi kukataa ombi la mama akabaki na sifa yake. Aliweka kikombe chini. Uso wake ukawa mpole kabisa.

"Mama, nimekusikia," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Mtoto ni wako. Mchukue. Nimekupa kwa ajili ya siku hii ya Mtume."

Wanawake wakapiga vigelegele. Niliinamisha birika bila kujua, maji yakamwagika kwenye tasa. Na mama yangu, ambaye alikuwa ametembea njia yote ile kwa ajili ya neno hilo moja, akafanya alivyofundishwa na mama yake. Akapiga makofi polepole, akainamisha kichwa.

"Hapana, mama," alisema. "Ni kitu kikubwa sana. Mikono yangu iko midogo."

Akangoja. Nami nikangoja, na nilikuwa sina wasiwasi hata kidogo. Nilijua kinachofuata. Bibi atasema mara ya pili, mama atanyosha mikono, nitaweka birika chini nitembee kwenda kwake. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kuliweka birika lile, pembeni ya nguzo, lisije likapigwa teke.

Bibi akawageukia wageni. "Mmesikia wenyewe," alisema. "Nimempa, amekataa." Akanyanyua kikombe chake. "Basi. Leteni kahawa."

Wengine walitazamana. Mmoja, mzee wa pale Kasongo, alifungua mdomo kama anayetaka kusema, kisha akakumbuka amekuja kula kwa mwenzake, akaufunga. Kahawa ikaletwa. Mimi nilitazama uso wa Bibi, nikitafuta kama amekosea. Mtu aliyekosea ana macho ya mtu aliyekosea. Yake yalikuwa yametulia kabisa, yananitazama mimi moja kwa moja, kuona kama nimeelewa. Nilielewa. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa, na tangu pale sikuwa mdogo tena.

Mama aliendelea kupiga magoti. Wageni walikula, wakanawa, wakaaga, wakampita pale mlangoni wakiinua nguo zao. Bibi naye alimpita mara kadhaa, akienda na kurudi, mitalawanda yake ya mbao miguuni ikilia kwenye udongo. Kila akikaribia, mama alinyoosha mgongo, na kila akipita, aliulegeza. Hata kufagia walifagia, wakamzunguka kama anavyozungukwa kuku anayeatamia. Nilitaka kupiga kelele: mama, sema nataka! Sema tu! Lakini kwao na kwetu, kwa Kiswahili na kwa lugha yetu, hilo ndilo neno lisilosemwa.

Alasiri alisimama. Vitambaa na majogoo hakuvichukua, kwa sababu zawadi hairudi. Nilimfuata mpaka kwenye lango, na alinishika kichwa kwa mikono ile ile aliyosema ni midogo.

"Usilie," aliniambia. "Mutu mukubwa hasemi yote siku moja. Atasema tena, ataniita. Miye nitangoja kwetu."

Jioni Bibi alipika wale majogoo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, na la kwangu linauma mpaka leo nikiandika haya.

Miaka ikapita. Niliacha kucheka kwa magego, niliacha kuomba ukoko, nikawa kijakazi anayesifiwa mji mzima. Wanawake walimwambia Bibi, "Huyu wako ana kiasi, mashallah," naye alijibu, "Nimemfundisha mwenyewe." Hawakujua kwamba nilikuwa ninatunza kitu, na mwenye kutunza kitu hana haja ya kelele. Nilipokuwa mkubwa alinioza kwa mmoja wa watu wao, mwungwana mpole aliyesimamia mashamba ya mpunga Kabambare, yale yaliyolisha misafara. Siku ya harusi Bibi alinishika kidevu. "Umepata mume kwa sababu una kiasi," aliniambia. Nikambusu mkono. Ndiyo, nilimbusu.

Hivyo nikarudi kwetu nikiwa mke wa mtu, na nyumba kando ya njia ya misafara. Mama sikumkuta. Nilimkuta mdogo wake, mama yangu mdogo, naye akaja kukaa nami. Yeye ndiye aliyenieleza.

"Ndui ilimukuta akingojea," aliniambia. "Kila musafara ukitoka Kasongo alienda njiani kuuliza kama ameitwa. Sisi tulimwambia, rudi huko wewe mwenyewe. Akasema hapana, nikienda kabla ya kuitwa, yule mama ataona sina heshima, ataninyima mutoto."

Alisema hayo akimenya karanga, wala hakuinua macho. Mimi nilitoka nikaenda mpaka kwenye mpunga nikasimama katikati ya maji. Nilimlaani Bibi kwa lugha zote nilizojua. Kisha nikarudi nikapika, kwa sababu watu walikuwa na njaa.

Tangu siku ile nilifikiri sana juu ya neno hilo, na naweza kusema nimelijua kuliko walionifundisha. Kiasi ni cha watu wawili. Mmoja hujishusha kwa sababu anamwamini mwenzake kwamba atamwinua. Yule wa pili akikaa kimya, aliyejishusha anabaki chini, na watu wanampita wakiinua nguo zao. Kwa hiyo anayesifu kiasi cha wengine bila kutimiza zamu yake ni mwizi tu. Hiyo ndiyo maana yake, na hakuna mwalimu wa Kasongo aliyeisema.

Vita vya Wazungu vilipofika Lualaba, mume wangu aliitwa akaenda, na hakurudi. Nyangwe ikaanguka, kisha Kasongo. Njia yetu ikajaa watu waliokimbilia Tanganyika: wakubwa kwa miguu, wake zao wamejifunga nguo za marekani zilizochafuka, watoto wao wanalilia maji. Wengi niliwapa chakula, na wengi walikuwa watu waliokuwa wakinipita bila kunitazama. Sikuwa na neno nao. Nilikuwa na neno na mtu mmoja, na kila asubuhi nilikaa barazani nikitazama njia kama alivyoitazama mama yangu.

Alikuja mchana, jua kali. Nilisikia "Hodi, hodi wenyewe," na sauti ile ingeweza kuniamsha kaburini. Alikuwa amezeeka. Mguu mmoja alikuwa na kiatu, mwingine ameufunga kitambaa. Alishika mkono wa mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka minne au mitano, aliyekuwa hana nyama ila macho. Hawakuwa na mtu mwingine.

Hakunijua mara moja. Alipojua, uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli. "Mwanangu!" alisema. "Alhamdulillahi. Mungu amenileta kwa mwanangu."

"Karibu, Bibi," nilimwambia. "Karibu mkekani."

Nilimketisha katikati ya mkeka. Nilimpa maji ya kunywa, yeye na mtoto. Jikoni chungu cha wali kilikuwa kimeiva, na sombe, majani ya muhogo kwa mawese na samaki, harufu imejaa baraza. Nilileta birika, nilikuwa na birika langu mwenyewe sasa, na tasa. Nilipiga goti nikamnawisha mikono polepole, kidole kwa kidole, kama nilivyofundishwa. Pete hazikuwepo. Alinyosha vidole akaniachia, macho yake yako jikoni. Nikaleta chungu nikakiweka mbele yake, nikafunua kifuniko, mvuke ukampanda usoni.

"Karibu chakula, Bibi."

Akameza mate, niliyaona yakishuka kooni. Kisha akanyoosha mgongo, akavuta ushungi wake uliochanika.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Usijisumbue. Wallahi tumeshiba, tumekula huko njiani."

Ah! Nilikuwa nimelala na siku hiyo, nimeamka nayo, na sasa imekuja. Mikono yake ilikuwa imeshanawa, bado ina maji, ameishika juu ya magoti tayari. Alikuwa ananitazama kwa upole, anangoja nimvute mkono. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Nikamgeukia mama mdogo, aliyekuwa ameketi mlangoni na karanga zake. "Umesikia mwenyewe," nilimwambia kwa sauti ya kusikika mpaka njiani. "Nimempa, amekataa." Nikachukua kifuniko. "Basi."

Nikafunika chungu.

Mwanzoni alitabasamu, kama mtu aliyesikia mzaha. Kisha maneno yakamfikia. Niliona yanavyomfikia, moja baada ya jingine, mpaka akafika ua ule, siku ile ya Maulidi, na mwanamke aliyepiga magoti mlangoni. Mama mdogo akaacha karanga, akainuka nusu. "Mama, kula basi—" alianza, nami nikamshika mkono nikamketisha chini. Mara ya pili haikuwa yake kuitoa.

Mtoto akamvuta Bibi ushungi. "Bibi, mimi nina njaa," alisema.

Mkono wa Bibi ulikwenda wenyewe nyuma ya mkono wa mtoto, kidole na kidole, pale penye nyama laini, ila nyama haikuwepo. "Uwe na kiasi," alimnong'oneza.

"Mwache," nilisema. "Huyu amesema anataka."

Nikafunua chungu nikampakulia mtoto wali na sombe, na samaki nikamtoa miiba. Alikula kwa mikono yote miwili. Alipopumzika kidogo nikamfungia wali mwingine katika jani la mgomba, nikampa mwenyewe mkononi, si kwa bibi yake. Nikafunika chungu tena. Bibi alitazama haya yote bila kusogea, na harufu ile ikimzunguka.

"Mtu huulizwa mara ya pili, mwanangu," alisema mwishowe, taratibu. "Unajua."

"Najua, Bibi. Na mama yangu alijua. Na wewe siku ile ulijua."

Nilingoja aseme hapana, sikujua, nilikosea. Angesema uongo huo pengine ningebaki na mashaka, na mashaka yangenilegeza. Lakini aliinamisha macho yake yaliyokuwa yametulia siku ile, akasema, "Nilijua." Sauti ilikuwa ya mtu wa kawaida, haikuwa ya Bibi.

"Sema unataka," nilimwambia. "Neno moja. Sema, nami nitapakua."

Mdomo ulifunguka. Naapa alijaribu. Lakini neno lenyewe hakuwahi kulisema maisha yake yote, na halikumjia. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Alishika nguzo akainuka, akanipa shukrani za maji, akamshika mtoto mkono, wakashuka barazani kuelekea mashariki.

Nilisimama kando ya njia nikiwatazama. Mama mdogo alikuwa nyuma yangu ananiita mbaya, na sikumbishia. Hawajafika mbali, mtoto akasimama, akafungua jani lake, akainua tonge juu kwa bibi yake.

"Bibi, kula."

"Nimeshiba, mjukuu wangu," nilimsikia akisema. "Kula wewe."

Mtoto alikuwa bado hajafundishwa. Aliamini. Alikula wali wote pale pale njiani, akalamba jani, akalitupa majanini, wakaendelea na safari. Mimi nikarudi ndani, nikafunua chungu, nikala mpaka nikashiba.